Tuandikieni ruhusa, hata ya aya moja

Kwenu wenye kampuni mnaoshikilia hakimiliki za kompyuta ambazo hazitengenezwi tena, na kwenu waheshimiwa mnaotunga na kusimamia sheria za hakimiliki popote mlipo.

Kuhusu: romu za mfumo za kompyuta za zamani (programu zilizochomwa kwenye chipu ili mashine iwake), na sisi tunaozihitaji ili emuleta (programu za kuigiza mashine hizo) zifanye kazi.

Salaam wakubwa. Najua mna mambo mengi na najua hili jambo likifika mezani kwenu linaonekana dogo, yaani kompyuta ambayo hata stoo kwenu haipo tena nani aipotezee muda, lakini naomba mnisome mpaka mwisho kwa sababu mnaweza kulimaliza kwa karatasi moja na sisi huku tumelibeba miaka na miaka.

Nianze na kilichonikalisha chini nikaandika. Marehemu mjomba wangu alikuwa na kompyuta ya nyumbani ya mwishoni mwa miaka ya 80, zile ambazo kibodi na mashine ni boksi moja unachomeka kwenye TV. Sitaitaja jina lake kwa sababu sitaki barua hii igeuke ugomvi na kampuni moja. Aliitumia kuandikia barua zake na mashairi. Mwandiko wake wa kalamu ulikuwa mzuri sana lakini aliipenda mashine kwa sababu, alikuwa anasema, mizani zikizidi unarudi nyuma unarekebisha na karatasi haichafuki. Alipofariki tukakuta disketi 31 zimefungwa kwa raba, kila moja ina lebo kwa mkono wake, na kompyuta yenyewe iko chini ya kitanda imefunikwa shuka.

Nikaiwasha, haiwaki. Nikaifungua. Kwenye bodi kuna betri ndogo ya kuchaji, ile inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa, ilishavuja zamani sana na maji yake yametambaa kwenye njia za shaba yakazila, yakaacha ukungu wa kijani mpaka chini ya soketi za chipu. Ukipitisha kidole njia zinabanduka. Ile bodi haikuwa ya kupona tena. Na si ya mjomba peke yake, hizo betri zimeua mashine nyingi mno za rika lile, hapo bado hujataja kapasita zinazovuja zenyewe hata mashine ikiwa imekaa tu kabatini.

Njia iliyobaki ikawa emuleta. Kwa asiyejua, emuleta ni programu inayoigiza mashine nyingine: inasoma amri za prosesa ya zamani moja moja na kuzitekeleza kwenye kompyuta ya sasa, inaigiza skrini, inaigiza sauti, inaigiza mpaka ule uvivu wa disketi kusoma. Wanaoziandika wengi ni watu wa kujitolea, wamekaa miaka wanachunguza chipu na kuandika kila kitu upya kwa mikono yao. Lakini mashine ya zamani ukiiwasha, kitu cha kwanza prosesa inachofanya ni kwenda kusoma amri kwenye chipu ya romu, na mle ndo kuna maelekezo ya kibodi isomwe vipi, disketi ifunguliwe vipi, herufi zichorwe vipi, kwenye mashine zingine lugha nzima ya kuandikia programu, BASIC, au sehemu kubwa ya mfumo wa uendeshaji imo mle mle. Hayo yaliandikwa na wafanyakazi wa kampuni na ni mali ya kampuni. Emuleta isipoyapata inakuonyesha skrini tupu, basi, hamna kinachoendelea.

Emuleta na romu ni vitu viwili, na watu wanavichanganya kila siku, mpaka wengine wanaogopa kutamka neno emuleta kama vile wanataja bangi. Naomba niviweke mbalimbali.

Emuleta yenyewe si kosa, hili lilishaamuliwa. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya Marekani kwenye kesi ya kampuni za gemu, Sega na Accolade, ilisema kuifumua programu ya mwenzio ili ujue inavyofanya kazi ni matumizi halali, kama ndo njia pekee ya kuyafikia yale mambo ndani yake yasiyo na hakimiliki na una sababu ya haki ya kuyafikia. Mwaka 2000 ikaja ya Sony na Connectix. Connectix walitengeneza programu ya kuchezesha diski za PlayStation, mashine ya gemu ya Sony, kwenye kompyuta ya Macintosh, na ili waitengeneze walinunua PlayStation, wakatoa bayosi, yaani programu ya kuiwashia mashine, kwenye chipu yake, wakawa wanaikopi tena na tena wakiichunguza, ila bidhaa waliyouza haikuwa na msimbo wa Sony hata mstari. Mahakama ikasema zile nakala za katikati ni halali. Baadaye Sony wakainunua hiyo programu na ikaacha kuuzwa, lakini hukumu imebaki pale pale. Ulaya nao, toka sheria yao ya programu za kompyuta ya mwaka 1991, iliyoandikwa upya 2009, mwenye nakala halali anaruhusiwa kuiangalia, kuichunguza na kuijaribu programu ili ajue mawazo yaliyomo, na mkataba hauwezi kumnyang'anya haki hiyo. Mwaka 2012 mahakama yao ya haki ikaongeza kwamba kazi inayofanywa na programu haina hakimiliki, chenye hakimiliki ni namna ilivyoandikwa.

Kompyuta zilizo ofisini kwenu zenyewe zimezaliwa na mambo haya haya. IBM walipotoa PC yao mwaka 1981 waliijenga kwa vipande vya kununua madukani, kilichowazuia wengine kuiga ni bayosi. Compaq wakatenga makundi mawili: kundi moja likasoma bayosi ya IBM na kuandika maelezo ya kila inachofanya, kundi la pili ambalo halijawahi kuuona msimbo wa IBM likachukua hayo maelezo tu na kuandika bayosi mpya kutoka sifuri. Mwaka 1984 Phoenix wakaanza kumuuzia bayosi ya namna hiyo kila anayetaka, na leo hamna anayewaita wezi.

Romu nayo imeshaamuliwa, ila kwa upande wenu. Mwaka 1983, Apple na Franklin. Franklin walikopi programu za Apple II wakaziweka kwenye mashine yao na kujitetea kwamba programu ya mfumo, tena iliyochomwa kwenye chipu, ni sehemu ya mashine na sio maandishi. Mahakama ya rufaa ikakataa, ikasema ina hakimiliki kama programu nyingine yoyote. Mpaka neno Applesoft lilikutwa ndani ya nakala zao, hapo unajitetea vipi. Naikubali hiyo hukumu na siumi maneno, kwa sababu wenzangu wengi wanajidanganya. Hakuna sheria inayosema ukikaa na romu masaa 24 halafu ukaifuta huna kosa, hiyo iliandikwa sana kwenye kurasa za kudaunlodi na ni uzushi mtupu. Wala kwenye sheria hakuna fungu la programu zilizotelekezwa. Kampuni kuacha kuuza hakufuti hakimiliki, kampuni kufilisika nako hakufuti, haki zinaenda kwa aliyenunua mabaki.

Sasa nirudi kwenye chipu ya mjomba, maana hapa ndo penye maneno.

Romu ilikuwa kwenye soketi, chipu ndefu nyeusi yenye miguu 40. Nikachukua bisibisi bapa, nikaichomeka upande mmoja kidogo, nikahamia upande wa pili kidogo, kwa zamu, kwa sababu ukiinyanyua upande mmoja tu miguu ya upande mwingine inapinda na ikipinda mara mbili inakatika. Mguu mmoja ulikuwa umeliwa na ile kutu umebaki nusu, nikaulehemu kipande cha waya mwembamba. Nikaisafisha kwa spiriti na mswaki. Nikaiweka kwenye kifaa cha kusomea chipu, taa ikawaka, na sekunde chache baadaye nikawa na faili la baiti 524,288. Nikasoma tena mara ya pili na ya tatu nikalinganisha, yako sawa. Halafu nikapiga ile hesabu ya kuhakiki inayolifupisha faili zima kuwa namba moja, nikailinganisha na namba waliyoitaja waandishi wa emuleta kwenye maelezo yao. Ni ile ile, tarakimu kwa tarakimu.

Hebu likalieni hilo kidogo wakubwa. Faili nililolitoa mimi kwenye chipu niliyorithi, kwa jioni nne za kazi na mguu wa kulehemu, na faili ambalo mtu mwingine mwenye kompyuta ile ile amelidaunlodi kwa sekunde moja ni kitu kimoja, hakuna mtaalamu duniani atakayeyatofautisha. Lakini mbele ya sheria hayako sawa. Sheria ya Marekani, kifungu cha 117, inamruhusu mwenye nakala ya programu kutengeneza nakala ya akiba, au nakala ambayo ni lazima itengenezwe ili programu itumike kwenye mashine. Ulaya pia nakala ya akiba inaruhusiwa kwa mwenye haki ya kuitumia programu. Vizuri. Ila hakuna mahali palipoandikwa chipu ya romu kwa jina lake, wala mashine iliyokufa, wala mtu aliyerithi, wala mzee ambaye hana kifaa cha kusomea chipu wala macho ya kulehemu mguu wa chipu. Kwa hiyo mwenye ufundi anajitoa kwa hoja nzuri, na asiye na ufundi, ambaye alilipia mashine ile ile kwa pesa halali ile ile, anabaki mkosaji. Hii mimi inaniuma. Haki ya mtu imewekwa kwenye ncha ya bisibisi.

Nikaiwasha emuleta na lile faili, ikaja picha ya kuomba disketi. Sikujua kama ningelia, nililia. Kati ya disketi 31, zilizosomeka ni 26. Humo mna barua kwa watu ambao wengine nao wameshatangulia, mna hesabu, mna mashairi 40 na zaidi, na moja halikuisha: ubeti wa mwisho una mishororo mitatu, wa nne hajauandika, kasa, ile alama ya pa kuandikia kwenye skrini, imekaa pale inapepesa. Nilikaa naiangalia ile kasa muda mrefu sana.

Watoto wake waliposikia wakasema tutumie na sisi. Wanataka kuifungua vile vile alivyokuwa anaiona yeye, kwenye programu yake, na zile rangi zake, sio maandishi niliyoyahamisha mimi kwenye faili la kawaida yakapoteza mpangilio wa beti. Mashairi ni mali yao, hayo nikatuma. Emuleta ni ya bure na halali, nikawapa linki. Romu nikasimama. Kwa sababu nakala yangu mimi naweza kuitetea, lakini kuisambaza kwenye nyumba tatu ni jambo jingine kabisa na nilitaka kufuata utaratibu.

Kwa hiyo nikaandika kwa kampuni ambayo kwa kila nilivyofuatilia ndo yenye haki. Nikajibiwa na mashine kwamba ujumbe umepokelewa. Nikaandika tena. Nikaelekezwa kitengo kingine, kitengo kingine kikanirudisha cha kwanza, nikapigwa danadana miezi saba. Mwisho likaja jibu la mtu, fupi: hawawezi kuthibitisha kama haki za romu hiyo ni zao, na hawatoi ruhusa. Nilisoma mara mbili tatu nikidhani nimeelewa vibaya. Yaani hujui kama shamba ni lako lakini geti umelifunga. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari limepotea ila mali inalindwa na sheria kali kweli kweli, na anayeteseka ni yule aliyekuja kubisha hodi kwa adabu.

Na wala si kisa cha mtu mmoja. Angalieni kompyuta za Amiga, za kampuni ya Commodore. Commodore walifilisika mwaka 1994, mali zikaenda kwa Escom, Escom nao wakaanguka, zikaenda kwa Gateway, kisha kwa wengine, halafu wenye haki wakaanza kupelekana mahakamani wenyewe kwa wenyewe miaka na miaka. Mtu wa kawaida atajuaje amuombe nani? Pale penyewe bado kuna afadhali kwa sababu kampuni ya Cloanto walipata leseni na toka 1997 wanauza kifurushi chenye emuleta na romu halali, unalipa unatumia umemaliza. Mimi kulipa sina shida kabisa. Shida yangu ni mashine ambazo hata wa kumlipa hayupo.

Lakini mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, kuna kampuni ilifanya vizuri na ndo mfano ninaowaletea. Amstrad waliinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair mwaka 1986, kwa hiyo romu ya kompyuta ya ZX Spectrum ya 1982, kilobaiti 16 tu, ikawa mali yao. Mwaka 1999 waandishi wa emuleta waliuliza kama wanaweza kuiweka kwenye emuleta zao, na mfanyakazi wa Amstrad akajibu kwa niaba ya kampuni, hadharani, kwamba hakimiliki inabaki kuwa ya Amstrad, maandishi ya hakimiliki yasiondolewe, romu yenyewe isiuzwe, na mkitaja kwamba Amstrad wameruhusu tutashukuru. Basi. Hakuna mkataba wa kurasa 40. Toka siku hiyo mtu anapakua emuleta ya Spectrum inawaka hapo hapo, na mashine ile mpaka leo watu wanaiandikia programu mpya. Ukitaka kujua Amstrad walipoteza nini, mimi nimetafuta sijaona.

Wengine nao wamefungua zaidi ya hapo. Microsoft waliruhusu jumba la makumbusho ya kompyuta la kule California litoe msimbo wa matoleo ya kwanza kwanza ya MS-DOS, mfumo wao wa uendeshaji wa zamani, mwaka 2014, na 2018 wakauachia kwa leseni huria kabisa. Apple wakaruhusu msimbo wa kompyuta yao ya Lisa utolewe Januari 2023, miaka 40 toka mashine itoke. Kampuni kubwa kama hizo, zenye mawakili kila ghorofa, zimeweza.

Kuna wanaoniambia mbona kuna romu mbadala. Ni kweli zipo na wanaoziandika nawavulia kofia: AROS kwa upande wa Amiga, EmuTOS kwa Atari ST, C-BIOS kwa MSX, zote zimeandikwa upya na ni huria. Mwenye uwezo azitumie. Lakini waandishi wa programu wa enzi zile walikuwa hawafuati njia rasmi kila mara, kumbukumbu ilikuwa ndogo, mtu akiona kuna kipande cha kazi kiko tayari kwenye romu kwenye anwani fulani anaruka moja kwa moja pale pale. Romu mbadala ikiwa na kitu kingine kwenye ile anwani, programu inagoma. Programu ya kuandikia ya mjomba inagoma. Na kwa mashine nyingi ndogo hata hiyo mbadala hamna, hakuna aliyejitolea.

Waheshimiwa watunga sheria, sasa naongea na nyie.

Mkataba wa kimataifa wa TRIPS, kifungu cha 10, unasema programu ya kompyuta ilindwe kama kazi ya fasihi. Sawa, romu ni kitabu. Ila kitabu ukikifungia kabatini miaka 90 ukakitoa bado unakisoma kwa macho. Romu haisomeki bila mashine, mashine imeliwa na betri yake, na zile chipu za kufutika kwa mwanga ambazo zilitumika sana kwenye mashine za mwanzo zinapoteza chaji polepole mpaka baiti zinaanza kubadilika zenyewe. Halafu muda wa ulinzi mkaupanga kama wa kitabu. Marekani kazi iliyoandikwa na wafanyakazi wa kampuni inalindwa miaka 95 toka ilipotolewa, kwa hiyo romu za Commodore 64 za mwaka 1982, kilobaiti 20 ukizijumlisha zote, zitakuwa huru mwisho wa 2077 ukipita. Mtoto aliyeigusa ile mashine akiwa na miaka kumi atakuwa ana miaka 105.

Najua mmeweka milango. Ulaya kwenye agizo la 2019 mmeruhusu maktaba na makumbusho kukopi vilivyomo kwenye makusanyo yao ili vihifadhiwe, na programu zimo. Marekani toka 2018 maktaba zinaruhusiwa kuvunja kufuli la kidijitali ili kuhifadhi programu zisizouzwa tena. Nashukuru, kweli. Lakini Oktoba 2024 ombi la watafiti kutumia gemu za zamani zilizohifadhiwa wakiwa nje ya jengo la maktaba likakataliwa, na mtu wa nyumbani mwenye disketi za marehemu hayumo hata kwenye mjadala. Historia ya hizi kompyuta haikukaa makumbusho, ilikaa vyumbani mwa watu. Disketi za mjomba hakuna maktaba itakayokuja kuziomba.

Ninachowaomba si kikubwa. Andikeni wazi kwamba mwenye mashine, au aliyeirithi, anaruhusiwa kuwa na nakala ya romu ya mashine hiyo na kuitumia kwenye emuleta, iwe ameitoa mwenyewe au amepewa na mwingine, mashine iwe nzima au imekufa. Na kampuni inayodai haki za romu ambayo haiuzi popote iseme hadharani kwamba ni yake na iweke pa kuombea ruhusa, ikishindwa kujibu muda fulani ukapita basi nakala isiyo ya biashara isihesabiwe kosa. Mkitaka kuweka muda wekeni nyie, miaka mingapi toka iache kuuzwa mtajua wenyewe, lakini isiwe 95.

Nasikia tayari mtasema huu ni mlango wa uharamia. Hapana, na naomba msinitie kwenye hilo kapu. Kuiba gemu inayouzwa leo dukani siungi mkono, watu wanaishi kwa hizo pesa. Waliotengeneza emuleta ya Yuzu, ya mashine ya Nintendo ambayo ilikuwa bado inauzwa, mwaka 2024 walikubaliana kulipa dola milioni 2.4, na ile ni habari nyingine kabisa, na mkiizungumza pamoja na kompyuta ya 1987 mnatuonea. Mimi nazungumzia romu ya mfumo, ile inayowasha mashine, ya mashine ambayo mlishaiondoa sokoni na hamna mpango nayo. Kwenye kompyuta kama hizo romu haikuwahi hata kuwa bidhaa ya peke yake kwa watu wengi, ilikuja ndani ya boksi, na boksi lililipiwa.

Tena nyie wenyewe mnafaidika na kazi ya watu wa emuleta. Sony walipotoa PlayStation Classic mwaka 2018, ndani yake kulikuwa na emuleta ya PCSX, iliyoandikwa na watu wa kujitolea na kuachiwa huria. Mradi wa MAME, emuleta ya mashine za gemu za zamani, ulianza Februari 1997 na mpaka leo ukitaka kujua bodi fulani ya zamani inafanyaje kazi, unaenda kusoma msimbo wao, maana nyaraka za kampuni zilishatupwa. Hao ndo watu ambao kesho mkitaka kuuza tena vitu vyenu vya zamani mtawategemea, na ndo hao hao mnaowaacha hawajui kama wanaruhusiwa kutaja romu au la.

Kwa kuwa mnaweza kusema hamna muda wa kuandika, nimewaandikia. Mpeni mwanasheria wenu aiangalie:

"Sisi ndio wenye hakimiliki ya romu za mfumo za kompyuta zilizotajwa hapa chini. Tunaruhusu mtu yeyote kuzikopi, kuzitumia na kuzisambaza bila malipo pamoja na emuleta au peke yake, mradi zisibadilishwe, maandishi ya hakimiliki yasiondolewe, na zisiuzwe. Hakimiliki inabaki kuwa yetu. Hatutoi dhamana yoyote."

Chini yake orodha ya mashine, jina la kampuni, tarehe. Na kama hamna uhakika kwamba ni zenu, andikeni hivyo hivyo: kadiri haki hizi zilivyo zetu, tunaruhusu. Hata hiyo inatosha, kwa sababu atakayekuja kudai baadaye atakuwa mwingine na atajitokeza, na tutajua wa kumuomba.

Mimi nimebaki na disketi tano ambazo hazijasomeka, nazisafisha moja moja kwa pamba na spiriti, najaribu tena. Moja lebo yake imeandikwa "mapya". Watoto wa mjomba bado wananiuliza lini, na barua yangu nyingine kwa ile kampuni nimeituma wiki iliyopita nikiambatanisha hiyo aya hapo juu.

Nasubiri jibu.